Concilie na Kamyo Iliyolala Njiani

Asubuhi ile waligombana kidogo juu ya chai.

"Mama Joëlla, chai hii ni maji ya kusuuzia vikombe."

"Kunywa hivyo hivyo, muzee. Sukari imehamia kwa wakubwa."

Aloys akacheka kwa pua, akanywa. Concilie alikuwa ameinama kwenye mkeka, anafunga chuma katika kipande cha kitenge kikuukuu. Chuma chenyewe kilikuwa gurudumu la meno, zito kama jiwe la kusagia, na meno yake matatu yalikuwa yamekatika. Alikifunga vizuri, kona kwa kona, kama mtu anayefunga zawadi ya arusi, akakiweka ndani ya kikapu.

"Unakwenda tena kuwauliza?"

"Nimemaliza kuuliza. Leo nakwenda kukaa."

"Kukaa wapi?"

"Pale garaji, kwenye benchi yao. Watanikuta nimekaa na wataniacha nimekaa, mpaka mmoja achoke. Na si mimi."

Aloys alimwambia achukue mwavuli. Concilie akasema mvua gani, mbingu nyeupe hivi. Akajitwisha kikapu, akatoka. Kwenye lango alisimama akang'oa jani moja lililokauka kwenye mchicha wake, akalitupa, akashuka kuelekea barabara kubwa. Nyumba yao iko Gasenyi, pembeni kabisa mwa Bujumbura, mahali ambapo mtu akivuka mtaro wa maji anakuta mashamba. Aloys alimtazama mpaka kwenye kona ya kinyozi. Hakumtazama kwa sababu yoyote. Alikuwa amesimama tu, kikombe mkononi.

Kabla ya adhuhuri simu ililia. Alikuwa Hyacinthe, mkubwa wa mafundi pale garaji.

"Muzee Aloys, njoo. Mama ameanguka."

"Ameangukia wapi?"

"Njoo tu, muzee."

Alipofika walikuwa wamekwisha kumpeleka hospitali, na alipofika hospitali walikuwa wamekwisha kumfunika. Presha, walisema. Aloys aliuliza kikapu kiko wapi. Muuguzi akamtazama, akadhani mzee amechanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa. Ndilo swali alilokuwa nalo.

*

Concilie alizaliwa milimani, upande wa Kayanza, katika nyumba ya watoto wengi na ng'ombe mmoja. Shule hakuiona, sawa na mumewe. Alishuka Bujumbura akiwa msichana, akibeba vitunguu vya shangazi yake, na alipoona kwamba vitunguu vinakwisha kabla ya jua kuwa kali, akasema hapa ndipo pangu. Akapata meza katika soko kubwa la Rohero. Pale ndipo Aloys alipomkuta. Aloys alikuwa dereva wa kamyo za watu, na alinunua kwake vitunguu ambavyo hakuwa na mtu wa kumpikia. Mara ya tatu Concilie akamwambia, "Wewe unavila vibichi, au vipi?" Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya uchumba wao.

Walizaa, wakazika, akabaki Joëlla peke yake. Joëlla ameolewa mtaa wa Musaga.

Soko lilipoungua mwaka ule wa 2013, Concilie alisimama ng'ambo ya barabara pamoja na wenzake, akatazama moshi. Wengine walikuwa wanalia, wengine wanataka kuingia, na askari wanawazuia. Yeye alirudi nyumbani akapika. Aloys akamwuliza nini kimepona. Akasema, "Mimi." Wiki iliyofuata alikuwa amekaa chini kando ya njia na gunia moja la viazi alilokopeshwa na kaka yake Népomuscène.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Maneno alikuwa nayo, lakini aliyatoa kama chumvi.

Kutoka gunia moja alifika mahali pa kuleta viazi vya watu kutoka Kayanza. Alikodi kamyo, na Aloys akaziendesha. Zote zilikuwa mitumba, zimekwisha kula ujana wao katika nchi nyingine, zinakuja kwetu kufa. Nyingi zilifia kwenye mlima ule wa Bugarama. Mtu wa Bujumbura anaujua: njia inapanda na kujikunja, ukungu unashuka mchana, na vijana wa baiskeli wanaosomba ndizi wanashika nyuma ya kamyo ili ziwavute juu. Kamyo ikifa pale, dereva hulala humo humo. Akiiacha, asubuhi ataikuta haina magurudumu wala turubai, na viazi vimeota miguu.

Ndipo Concilie alipoanza kusema habari ya kamyo mpya. Watu wakacheka. Nani hununua mpya? Lakini alikusanya miaka na miaka, akauza kiwanja cha urithi wake, akaingia katika duka la magari la Bwana Nasor, mtu wa Kiarabu ambaye babu yake alikuja na maneno mengi na bunda la vitambaa, akabaki. Concilie aliizunguka kamyo nyeupe iliyokuwa pale, akaigonga ubavu kama anayegonga tikiti.

"Hii ikiharibika?"

"Haiharibiki, mama."

"Nasema ikiharibika."

"Kuna garanti. Miaka miwili. Ikiharibika ndani ya hiyo miaka, tunatengeneza sisi, wewe hutoi kitu. Nimekupa neno langu."

"Neno lako nimelichukua," Concilie akasema, na akampa mkono. Karatasi walimpa pia. Karatasi alimpa Joëlla aweke. Neno alikaa nalo mwenyewe.

*

Mara ya kwanza iliharibika kabla viti havijatolewa nailoni. Aloys alikuwa anapanda, kamyo tupu, kwenda kupakia. Nyuma kukaanza kulia kitu kama mbu mkubwa. Akapunguza mwendo, mlio ukapungua. Akaongeza, ukaongezeka. Halafu kukapiga kishindo chini ya kamyo, na injini ikabaki inanguruma peke yake wakati magurudumu yamekataa. Aliweka gia hii, akaweka gia ile. Kamyo ilikuwa kama mtu anayekubali kwa kichwa na haondoki.

Vijana wawili wa baiskeli walikuwa wameshika nyuma. Wakazunguka mbele.

"Muzee, tukusukume, au utatuvuta sisi?"

"Mpya hii! Angalia, bado ina harufu ya dukani!"

"Labda inaogopa baridi. Haijazoea."

Aloys akalala kwenye kiti, amejikunja, na asubuhi gari la garaji ya Bwana Nasor likaja kuivuta. Kilichokufa kilikuwa ponti ya nyuma: lile boga la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, ambalo ndani yake kuna meno yanayochukua nguvu ya injini na kuigawia magurudumu. Meno yalikuwa yamesagika. Hyacinthe aliweka mengine, akapaka mafuta, akafunga. Bwana Nasor akamwambia Concilie pole, hutokea, moja katika mia.

Concilie akashukuru. Akauliza, "Meno ya zamani yako wapi?" Wakamwambia yametupwa. Akasema, "Siku nyingine msitupe."

Mara ya pili Aloys alikuwa anashuka amepakia. Mlio ulikuja ghafla, kishindo kikafuata, na kamyo ikawa haina mkono wa injini tena. Inashuka kwa uzito wake tu. Breki zikaanza kunuka. Aloys alichagua ukuta wa mlima, upande usio na bonde, akaiegemeza ubavu pale mpaka ikasimama. Akakaa kitambo bila kushuka. Halafu akampigia mkewe simu akasema kamyo imesimama.

"Imesimama vipi?"

"Imesimama tu."

Concilie alipoiona kamyo pale garaji, alipitisha kidole kwenye ubavu uliokwaruzwa, wenye udongo mwekundu wa mlima. Tangu siku hiyo kamyo ikiwa njiani hakulala, na tangu siku hiyo alikwenda kwa Bwana Nasor mwenyewe. Aliacha kwenda kwa mafundi.

Bwana Nasor alimkaribisha ofisini, Rohero, akamwagizia soda.

"Mama, gari halina kosa. Kosa ni viazi. Nyinyi watu wa viazi mnapakia mpaka mbingu."

"Mi sipakii mpaka mbingu, patroni."

"Kila mtu husema hivyo."

Na kweli kila mtu husema hivyo, na kila mtu hupakia. Lakini Concilie alikuwa hapakii. Aliambiwa kamyo inabeba kadiri fulani, basi akabeba kadiri hiyo, na magunia yaliyobaki akayaacha Kayanza yamngoje. Wanawake wenzake walimcheka hadharani.

"Concilie, unabeba viazi au manyoya?"

"Mwacheni, kamyo yake ni bibi arusi. Ukiigusa, inalia."

Aliwaacha wacheke. Alipakia chini ya macho ya watu kwa makusudi, ili siku ikifika wawe mashahidi. Hao hao waliocheka.

Kamyo ikatengenezwa tena. Meno mengine, mafuta mengine. Safari hii Concilie alidai meno yaliyovunjika. Hyacinthe hakutaka, akampa. Na siku hizo mafuta ya dizeli yalikuwa ya kulala foleni, kwa hiyo kila safari ilikuwa ni kuomba mara mbili: uombe upate mafuta, halafu uombe ponti ikubali.

Ponti ikakataa mara ya tatu. Ilikuwa ni kupanda, ukungu umefunga, na mvua. Aloys akalala tena kwenye kiti. Asubuhi alikuwa anakohoa, na kikohozi hicho hakikutoka kwa muda mrefu.

Ndipo Concilie alipotia chuma kile ndani ya kikapu na kwenda Rohero kwa mara nyingine. Aloys alikwenda naye siku hiyo, kwa hiyo aliona. Concilie hakukaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Alifungua kitenge juu ya kioo cha meza ya Bwana Nasor, kona kwa kona, akaacha gurudumu la meno liko pale katikati ya simu na tende.

"Hii ni nini, mama?"

"Ni ngozi."

"Ngozi?"

"Patroni, kwetu milimani mutu akikupa ng'ombe, na ile ng'ombe ikufie mukononi, unamupelekea ngozi. Aione. Ajue kama ilikufa, hukuichinja ukala. Mi nimekuletea ngozi. Ng'ombe yako imekufa mara tatu. Na haikufa njaa, na haikufa kwa fimbo."

Bwana Nasor alitabasamu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa duka.

"Lakini mama, mimi sikukupa ng'ombe. Nilikuuzia gari."

"Na garanti ni nini? Ulinipa neno. Neno ndilo ng'ombe."

"Ningekuwa na uwezo..."

"Ngozi huenda na pombe, ningekuletea, tungeongea kama watu. Lakini najua wewe hunywi."

Bwana Nasor akacheka mpaka akashika kofia. Aloys naye alicheka. Kucheka hakukubadilisha kitu. Bwana Nasor alisema meno yatabadilishwa tena, bure kama zamani, lakini Concilie alitaka ponti nzima, boga lenyewe na vyote vilivyomo, kwa sababu kitu kinachoua watoto watatu mfululizo, alisema, usilaumu watoto. Ponti nzima inatoka ng'ambo. Bwana Nasor alisema kiwanda hakitakubali, kwa sababu fundi ameandika kwamba mzigo ulizidi.

"Fundi gani ameandika?"

"Hyacinthe."

Concilie akafunga chuma chake. Miaka miwili ya garanti ilikuwa inakaribia mwisho. Ikipita, kamyo ingekuwa yao na ubovu wake wote, na hawakuwa na kiwanja kingine cha kuuza. Hilo walilijua wote wawili, na hawakulisema. Njiani kurudi alisema tu kwamba atarudi tena.

*

Kwetu mtu akifa watu huja wakakaa. Siku za kukaa hizo huitwa kiriyo. Mfiwa hapiki, hafagii, hafanyi biashara, wala hadai cha mtu. Wanaleta kuni, wanaleta maharage, wanaleta viti vya plastiki. Aloys alikalishwa kwenye kiti kimoja chini ya turubai uani, na hapo akakaa. Watu walikuja wakamshika mkono. Mikono mingi. Aliona mchicha umenyauka, akafikiri ni lazima mtu aumwagilie, na hakusimama.

Joëlla alipiga magoti karibu naye. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Papa, garanti inaisha wiki hii. Karatasi ninayo. Niende pale Rohero niwaambie?"

Mjomba wake Népomuscène, aliyeshuka kutoka Kayanza, alikuwa karibu akasikia.

"Joëlla. Mama yako hajazikwa, unataka kwenda kudai chuma?"

"Lakini mjomba, hiyo kamyo ndiyo yeye mwenyewe alikuwa..."

"Najua. Kaa chini."

Joëlla alimtazama baba yake. Aloys alijua kwamba anangojea neno. Alitafuta neno, akakuta pale ambapo maneno hukaa pako patupu, kama ghala baada ya msimu. Hakuwa na uchungu hata wa kutosha kulia. Kamyo alikuwa anaiona mbali sana, ndogo, kama kitu cha mtoto. Akasema, "Kaa, mwanangu." Joëlla akakaa.

Walimzika makaburi ya Mpanda, nje kidogo ya mji. Walikuja wanawake wa viazi, wengi kuliko ukoo. Alikuja Hyacinthe, amevaa koti ambalo mikono yake ilikuwa mifupi. Akaja pia Bwana Nasor, kwa sababu ni mtu anayejua adabu, na kwa sababu mama huyu alianguka kwenye benchi ya garaji yake. Kama si adabu yake hiyo, mambo yangekwenda njia nyingine.

Baada ya udongo watu walirudi Gasenyi, wakanawa mikono, wakagawiwa cha kunywa. Wageni wasiokunywa pombe wakapewa soda. Népomuscène akasimama kusema yale yanayosemwa na mkubwa wa ukoo.

"Dada yangu amekwenda. Tunawashukuru mliomsindikiza. Sasa mnajua desturi. Kama Concilie ameondoka na kitu cha mtu, mwenye kitu aseme mbele ya watu, sisi tupo, tutakirudisha. Na kama kuna mtu ana kitu cha Concilie, aseme vilevile. Anayenyamaza leo, asije kesho. Na anayeficha, atajuana na udongo uleule."

Kisha mwanamke mmoja wa sokoni akasimama.

"Mi nina mizani yake. Aliniazima. Nitaileta."

Mwingine akasema anadaiwa na marehemu kicheko, kwa sababu alimcheka kuhusu magunia na hakumwomba radhi. Watu wakaguna kidogo, wengine wakatabasamu ndani ya vitambaa vyao. Mwanamke yule hakutabasamu.

"Nilikuwepo alipokuwa anapakia," akaongeza. "Hakuzidisha hata siku moja. Nasema ili isikiwe."

Akakaa. Népomuscène akauliza, kuna mwingine? Watu wakatazamana. Alikuwa karibu kufunga maneno wakati Hyacinthe aliposimama nyuma kabisa, ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Mi naitwa Hyacinthe. Ni wa garaji. Nina kitu cha huyu mama."

"Sema, mwanangu."

"Kamyo yake ugonjwa hauko kwenye meno. Ni ponti yenyewe. Gamba la ponti limepinda, limetoka kiwandani limepinda. Meno yoyote utakayoweka yatakatika. Nilijua mara ya pili. Niliambiwa niweke meno tu, niandike mzigo umezidi. Nikaandika. Mama aliniuliza siku ile pale kwenye benchi, uso kwa uso, nikamwambia sijui. Basi. Hicho ndicho kitu chake nilichokuwa nacho."

Hakuna aliyegeuka kumtazama Bwana Nasor, na kwa sababu hiyo kila mtu alikuwa anamtazama. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, chupa ya soda mkononi, kofia yake nyeupe imenyooka. Népomuscène hakupandisha sauti. Katika maneno hayo hairuhusiwi kugombana. Unapokea tu.

"Tumesikia, Hyacinthe. Tunakushukuru. Kuna mwingine?"

Hapo ndipo penyewe. Ofisini Bwana Nasor alikuwa na meza, alikuwa na karatasi, alikuwa na kiwanda cha ng'ambo cha kumwekea lawama. Hapa alikuwa na soda. Angeweza kunyamaza. Alizaliwa Bujumbura hii hii, alijua kunyamaza hapa maana yake nini. Akaweka chupa chini, akasimama taratibu, goti moja linamsumbua.

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," akasema. "Huyu kijana amenitangulia, na kunitangulia kwake kumenitia aibu. Amesema kweli. Ponti nzima nitaiagiza, na nitaiweka, ni juu yangu. Nilimpa mama neno."

"Tumesikia," akasema Népomuscène. "Ila kuna jambo, Bwana Nasor. Hilo neno lako linaisha wiki hii. Binti yake amenieleza. Na sisi tuko kwenye kiriyo, hatuwezi kuja kwako kudai."

Bwana Nasor akafikiri. Nzi alitua kwenye chupa yake.

"Siku za kiriyo hazimo katika garanti," akasema. "Kaeni. Mtakapoinuka, mje."

Wazee wakapiga makofi yale ya taratibu, ya kukubali. Joëlla akaficha uso kwenye bega la baba yake, na Aloys alihisi bega lake linalowa. Akampapasa mgongo. Alielewa kwamba jambo kubwa limetokea, jambo ambalo Concilie angelitaka. Alijitazama kama ana furaha. Akaona ana kiu.

*

Ponti ilikaa sana bandarini Dar es Salaam, ikakaa tena mpakani, ikafika ndani ya sanduku la mbao. Wakati huo turubai lilikuwa limekwisha kushushwa uani na viti vya watu vimerudi kwao. Aloys alikuwa amejifunza kupika ugali, mbaya, akaula. Usiku alilala upande wake wa kitanda, ule ule, kana kwamba kuna mpaka.

Hyacinthe hakufukuzwa kazi. Bwana Nasor alikaa muda hamsalimu, halafu akaanza kumsalimu. Ponti ilipokwisha kufungwa, alitoa amri kamyo isikabidhiwe kwa maneno: fundi apande na mzee mpaka Kayanza, wapakie viazi, arudi naye, asikie kwa masikio yake.

Basi wakapanda. Aloys kwenye usukani, Hyacinthe kando yake, kofia magotini. Vijana wa baiskeli walishika nyuma kama kawaida. Walipopita ile kona ya ukuta wa mlima, Aloys alitega sikio. Hakukuwa na mbu. Ilikuwa ni injini tu na upepo. Bugarama wakapita, hata hawakusimama kununua mahindi. Kayanza wanawake wakapakia kadiri ile ile, hakuna aliyejaribu kuongeza gunia, na hakuna aliyecheka.

Wakashuka. Kamyo iliushika mlima kwa gia, taratibu, kama mtu mzima anayeshuka ngazi. Chini, ziwa likaonekana, la kijivu, na ng'ambo milima ya Kongo. Jua lilikuwa bado juu. Aloys alitambua kwamba watafika Gasenyi kungali mchana, na kwamba hakuna anayemngoja huko. Alilitambua kama mtu anavyotambua kwamba kiatu kimefunguka kamba. Akaendelea kuendesha.

"Muzee, mbona huneni?" akasema Hyacinthe. "Imepona. Sikiliza mwenyewe."

"Nasikia."

"Hukufurahi?"

"Imepona," akasema Aloys.

Wakaenda tena kitambo. Halafu Aloys akauliza, bila kugeuza uso kutoka barabarani, kile ambacho hakuwa amemwuliza mtu tangu siku ya simu.

"Siku ile. Alikaa sana?"

"Tangu tulipofungua mpaka karibu saa sita."

"Alisema nini?"

Hyacinthe alizungusha kofia magotini.

"Mengi hakusema. Alikuwa na kikapu chake pembeni. Nilimpelekea maji, akanywa. Nikaona jasho, nikamwambia, mama, wewe nenda nyumbani ukapumzike. Kubali tuweke meno mengine, kamyo itatembea kidogo, utauza, utanunua chakula. Nikamwambia hata ponti nzima ikija, ni chuma tu, chuma hakiishi kuvunjika, unajiua kwa ajili ya chuma. Nilikuwa nataka tu aondoke, muzee. Nilikuwa namwonea haya."

"Akasemaje?"

"Akanitazama. Kisha akasema..."

Hyacinthe akasita, kwa sababu alitaka kuyatoa yalivyo, asiongeze na asipunguze. Kamyo ikakata kona ya mwisho. Mji ukafunguka chini yao. Na maneno ya Concilie, kama Hyacinthe alivyoyasema, ni haya:

"Kule juu kuna baridi, na muzee wangu hajui kujifunika. Nipeni kamyo inayorudi."